Waya Ulioshuka Ardhini

Mpaka leo sijui amplifaya ile ilikuwa ikila umeme wa wapi. Nimetengeneza vyombo vya muziki kwa miaka ishirini na sita, nimesoma vitabu vingi kuliko wateja wangu wanavyodhani, na popote niliposoma nimekuta neno lilelile: amplifaya isiyo na umeme ni sanduku tu. Siku hiyo transfoma ya mtaa wetu ilikuwa imeshushwa kwenye nguzo na kulazwa juu ya lori. Plagi nilikuwa nimeishika mimi mwenyewe mkononi. Na spika ilikuwa ikitoa sauti.

Naeleza kama ilivyokuwa. Asiyeamini simlaumu, kwani hata mimi kuna siku huamka nikiwa upande wake.

Shemeji yangu Grimaldo Inga, mume wa dada yangu Nélida, alikuwa mpiga gitaa la mbele wa Los Zorzales, bendi ya kumbia, muziki wetu wa dansi, hapa kwenye bonde la mto Mantaro. Kumbia yetu ya milimani haiendi bila gitaa linalolia. Mtu anaweza kukosa mwimbaji, akakosa hata ngoma, lakini bila pedali ya kuliza gitaa, kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu, na ile ya mwangwi, watu hawanyanyuki kwenye viti vyao. Grimaldo alikuwa na pedali sita. Alizipanga juu ya ubao mmoja, akazifunika kwa kitambaa cha sufu alichofuma mama yake, na Nélida alizoea kusema kwamba yeye hajawahi kufunikwa vizuri namna hiyo.

Adui wa pedali hizo alikuwa umeme wa mtaa. Nyumba ya tatu kutoka kwao kuna mashine ya kusaga nafaka. Ikiwashwa, taa zote zinafifia. Ikizimwa, umeme unaruka juu kama mbuzi aliyekanyagwa. Katika mwaka mmoja Grimaldo aliunguza pedali mbili na fyuzi zisizo na hesabu. Nikamfungia stebilaiza. Nikamwekea transfoma ya kutenganisha umeme wa mtaa na wa chumba chake cha mazoezi, na kila pedali nikaipa njia yake ya umeme ili moja ikipata hitilafu isiambukize nyingine. Vikabaki vitu viwili: mvumo usiokwisha ndani ya spika, na umeme wa maikrofoni uliomchoma midomo alipoimba.

Hilo la midomo ndilo lililomnyima usingizi. Miaka kadhaa nyuma, katika sherehe iliyonyeshewa mvua, alimwona rafiki yake akinaswa: mkono mmoja kwenye nyuzi, midomo kwenye maikrofoni, mwili mzima umekakamaa, na muziki unaendelea kwa sababu watu walidhani anafanya mbwembwe. Yule rafiki hakufa. Lakini mkono wake wa kushoto haukufunguka tena. Tangu hapo, kabla ya kuimba, Grimaldo aligusisha kwanza nyuzi za gitaa kwenye maikrofoni kuona kama kutaruka cheche, kama wanavyofanya wapigaji wote wa huku, ila yeye aligusa mara tatu.

“Shemeji,” aliniambia, “kufa si kitu. Kushikwa ndiyo sitaki.”

Dawa ya hayo ni waya wa ardhini. Unachimba shimo refu kuliko mtu, unasimamisha fimbo ya shaba, unajaza udongo mzuri uliochekechwa, chumvi na mkaa, unafunika kwa mfuniko wa saruji, kisha chuma chote cha ndani unakiunganisha na fimbo hiyo. Umeme ukipotea njia, unashuka ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Huku tunaliita kisima cha udongo.

Tulianza kuchimba Jumatatu, tarehe tatu Agosti, asubuhi yenye jua kali na baridi kama kawaida ya mwezi huo. Nélida alituletea mahindi ya kuchemsha na jibini. Saa nne akaja mzee Zósimo, mpiga besi wa bendi, akasimama ukingoni mwa shimo bila kutoa mikono mfukoni.

Kwetu Agosti ndio mwezi ambao ardhi huwa wazi. Watu wanaipa chakula chake: majani ya koka, peremende za rangi, mafuta ya lama, mnyama wetu wa mizigo, na chupa ndogo ya mvinyo. Kwetu ardhi ni mtu: asiyempa kitu hamchimbi. Mzee Zósimo alituuliza, kwa utani wake wa kawaida, kama tumepiga hodi kabla ya kumpasua tumbo mwenye nyumba. Grimaldo akamjibu kwamba mwenye nyumba amekula miaka yote hiyo, hatakufa njaa akingoja hadi Jumamosi. Tukacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini nusu, kama walivyo wengi hapa: nusu inayotosha kuogopa, haitoshi kufanya haraka.

Mchana ule mzee Zósimo akarudi na furushi la sadaka, kila kitu kimepangwa ndani ya karatasi nyeupe. Grimaldo alikuwa ndani akipima mahali pa kupitisha waya. Akalipokea, akaliweka juu ya amplifaya, akasema Jumamosi litashuka shimoni.

Jumatano tulimaliza. Nikaunganisha kila kitu: amplifaya, ubao wa pedali, nondo za kidirisha, mlango wa chuma. Chumba hicho kilikuwa ghala la zamani la matofali ya udongo, kuta nene kama mkono ulionyooshwa, mlango mmoja, kidirisha kimoja kinachopitisha kichwa cha mtoto. Nikapima kisima. Kipimo kizuri cha kisima ni namba ndogo. Tano ni nzuri, tatu ni ya kujivunia. Kifaa changu kilionyesha sifuri. Nikabadilisha betri. Sifuri. Kati ya chumba kile na ardhi hapakuwa na chochote cha kuzuia.

Tukawasha. Mvumo haukuwepo. Mtu aliyeishi na mvumo kwa miaka hajui ukubwa wake mpaka uondoke. Ilikuwa kana kwamba chumba kimefumba mdomo. Grimaldo alipiga noti moja, akaiacha ifie mbali. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Noti ilipokwisha, ndani ya ukimya ule, spika ikatoa kitu kidogo sana.

Krrsh.

Kimya.

Krrsh.

Nikasema ni mashine ya kusaga. Nikainamisha sikio. Haikuwa mashine. Ilikuwa sauti niliyoisikia siku tatu mfululizo kwa mikono yangu mwenyewe: chepe likiingia kwenye udongo.

Sikumwambia. Nilijiambia ni mtikisiko wa ardhi uliobaki kwenye shimo jipya, na sentensi hiyo ilinitosha mpaka nilipofika nyumbani.

Jumamosi mzee Zósimo alikuja kuteremsha sadaka. Furushi lilikuwepo palepale juu ya amplifaya. Karatasi ilikuwa imefunguliwa. Mafuta ya lama yalikuwepo. Koka haikuwepo, peremende hazikuwepo, chupa ilikuwa tupu. Grimaldo akakuna kichwa. Alikuwa amefanya mazoezi siku tatu bila kutoka, akasema, mkono unaenda wenyewe. Anatafuna koka, anamumunya peremende, hata hakufikiri ni za nani. Alitaka kucheka, lakini mzee Zósimo hakucheka naye. Alikunja karatasi, akaweka mafuta peke yake chini ya mfuniko, akaondoka bila kuaga.

Niliyoyajua baada ya hapo niliyapata kwa Nélida. Kwamba mumewe hali mezani tena. Kwamba anapiga tangu asubuhi mpaka jioni, na anapiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga, vizuri mpaka majirani wanasimama njiani, lakini yeye, Nélida, akisikia anataka kuziba masikio. Kwamba anapovua viatu vinatoka udongo mweusi, wakati sakafu ya chumba ni saruji na udongo wa kwetu ni mwekundu. Kwamba alimuuliza kwa nini haji kulala, akajibu kwamba mguu wa kulia umekuwa mzito.

“Mzito vipi?” dada yangu alimuuliza.

“Kama kuna mtu ameukalia.”

Niliahidi kupita. Sikupita. Nilikuwa na redio tatu za watu mezani, na nilikuwa na woga.

Jumanne, tarehe kumi na nane, mtaa mzima ulikatiwa umeme tangu asubuhi. Mafundi walishusha transfoma ili waitengeneze. Saa saba mchana Nélida alinijia kwa miguu, bila kofia juani. Akaniambia kwamba umeme hakuna, na Grimaldo bado anasikika.

Niliingia peke yangu. Nilimwambia dada asiingie, akamwite mzee Zósimo. Mlango ukajifunga nyuma yangu kwa uzito wake, kama ulivyozoea.

Mwanga ulikuwa ule wa kidirisha tu. Grimaldo alisimama katikati ya chumba, gitaa limening'inia, mkono wa kushoto umezishika nyuzi, mguu wa kulia juu ya pedali ya kuliza. Alikuwa amekonda shingo. Taa ya amplifaya ilikuwa imezima. Taa za pedali zote zilikuwa zimezima.

Spika ilikuwa ikichimba.

Si sauti ndogo tena. Chepe linaingia, udongo unatupwa, chepe linaingia. Mchimbaji hakuwa na haraka. Alikuwa karibu.

“Usinishike,” Grimaldo akanong'ona.

Hiyo ni sheria ya kwanza katika kazi yetu. Aliyenaswa haguswi, unakata umeme. Nikaenda ukutani, nikachomoa plagi. Nikaitazama mkononi mwangu. Chepe likaingia, udongo ukatupwa.

“Unasikia maumivu?” nikamuuliza.

“Hapana. Hilo ndilo baya.”

Hapakuwa na kitu kingine cha kukata isipokuwa waya wa ardhini, na ule ulikuwa ndani ya bomba, chini ya saruji. Plaizi zangu zilikuwa nje, kwenye mkoba. Nikarudi mlangoni. Nikashika komeo.

Komeo lilikuwa la baridi. Nikalivuta, halikwenda. Nikataka kuachia.

Vidole havikufunguka.

Hakukuwa na mtikisiko wala kuungua. Nimepigwa na umeme mara nyingi, naujua. Huu haukuwa umeme. Ilikuwa ni kama kusahau jinsi ya kufungua mkono. Nilivitazama vidole vyangu vinne na kidole gumba, nikaviamuru, na vilikuwa vya mtu mwingine. Nikakumbuka kwamba mlango niliuunganisha mimi. Nondo za kidirisha niliziunganisha mimi. Kila chuma cha chumba kile nilikipeleka chini kwa mikono yangu.

Uso wa Nélida ukaja kidirishani.

“Usiguse chuma chochote,” nikamwambia. “Hata kimoja.”

Akatutazama, mimi kisha mumewe kisha mimi. Nikasikia sauti ya mzee Zósimo nyuma yake, kisha nyayo zikienda mbio dukani. Nikahesabu machepe kwa kukosa la kufanya. Nilifika arobaini na moja waliporudi. Nikasikia mfuniko wa kisima ukisukumwa kwa mti, karatasi ikifunguliwa, mzee akisema maneno yake kwa Kikechua, lugha ya wazee wetu, kisha mvinyo ukimiminwa.

Spika ikanyamaza.

Nilijaribu mkono. Bado.

Kisha Grimaldo akatazama chini. Sakafu chini ya pedali ilikuwa inalowa. Doa lilikua taratibu, jekundu-jeusi, likazunguka kiatu chake. Harufu ya mvinyo ikajaa chumba. Peremende moja ya njano ikatokea kwenye ufa wa saruji, safi, kama iliyotemwa.

Chepe likaanza tena.

Mzee Zósimo akaja kidirishani. Hakuwa na utani.

“Hataki cha dukani,” akasema kwa sauti ya chini. “Chakula chake alishanyang'anywa.”

“Nilikula bila kujua, mzee,” Grimaldo akasema.

“Najua, mwanangu. Naye anakula vivyo hivyo. Mpe kitu chako kabla hajachagua mwenyewe.”

Grimaldo hakujibu.

Nimefikiria sana ukimya wake ule. Wengine niliowasimulia walimwona mjinga, au mchoyo: mke yuko dirishani, shemeji amenaswa mlangoni, na mtu anafikiri. Mimi nilikuwemo. Niliona alikuwa akitazama vidole vyake juu ya nyuzi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Hakuna jambo lingine alilowahi kulifanya vizuri, na alilijua hilo, na Nélida alilijua. Sidhani ni mimi wa kupima dakika ngapi zinamtosha mtu kuachana na kitu kama hicho.

Saruji ikagongwa kutoka chini.

Mara moja. Ubao wa pedali ukaruka kidogo.

Mara ya pili. Nikausikia mgongo wa chepe kwenye nyayo zangu.

“Gitaa,” Grimaldo akanong'ona. “Ya kuliza. Ya mwangwi. Amplifaya. Vyote.”

Pedali ya mwangwi, isiyo na taa wala umeme, ikarudia neno lake la mwisho kama ilivyozoea kurudia noti zake. Vyote. Kisha chini zaidi: vyote. Kisha hafifu: vyote.

Mwangwi aliouweka Grimaldo ulikuwa wa mara tatu. Niliurekebisha mimi mwenyewe, ninaujua.

Ya nne haikutoka kwenye spika. Ilitoka chini ya saruji, nzito, polepole, na haikuwa sauti yake. Vyote.

Mkono wangu ukafunguka. Mlango ukafunguka pamoja nao na nikaanguka nje, kwenye jua, juu ya miguu ya dada yangu. Grimaldo alitoka akitambaa. Mguu wa kulia ulikuwa bila kiatu. Kiatu hatukukiona, wala hatukurudi kukitafuta.

Asubuhi yake tulikaa jikoni, sisi wanne, mbele ya supu ambayo hakuna aliyeinywa. Mafundi walikuwa wamerudisha transfoma, umeme wa mtaa ulikuwa mzuri kuliko miezi yote. Grimaldo alikuwa amelala kidogo, na mtu akilala kidogo anaanza kuhesabu upya. Akasema tukate waya, tuzibe kisima, yatosha. Akasema ahadi ya aliyeshikwa si ahadi. Akasema, bila kututazama, kwamba angalau tuiokoe pedali ya mwangwi, maana haitengenezwi tena popote. Nami, fundi, nikamuunga mkono. Nikaeleza kwa maneno mazuri ya kitaalamu kwamba waya ukikatwa hakuna njia. Nilitaka tu kuisikia sauti yangu ikiyasema.

Mzee Zósimo alizungusha kijiko.

Nélida alisimama, akaondoa bakuli la mumewe.

“Ulisema vyote,” akamwambia. “Nilikuwa dirishani.”

Ndivyo ilivyoamuliwa: chumba kizikwe na vyote vilivyomo. Hakuna aliyebishana naye, na hakuna aliyejitolea kumsaidia. Grimaldo alifika kizingitini mara mbili akageuka. Mimi sikufika hata hapo. Mzee Zósimo alikuwa na mgongo mbovu, na nadhani alishukuru kuwa nao.

Dada yangu aliifanya kazi hiyo peke yake. Alichukua toroli na chepe lenye mpini wa mti, akaanza na rundo la udongo mwekundu lililobaki kutoka shimoni, kisha akachimba nyuma ya nyumba, baada ya kupiga magoti na kutoa chake. Aliumimina udongo chumbani juu ya ubao wa pedali, juu ya gitaa, juu ya amplifaya, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, siku nne. Siku ya tano aliziba mlango kwa matofali ya udongo, akanawa mikono, akaniita nikague ukuta.

Nilichungulia kidirishani. Udongo ulikuwa umefika kwenye nondo. Ulikuwa mweusi, wenye unyevu, na umekandamizwa vizuri, kana kwamba na mtu aliyekuwa ndani.

Nikamuuliza amesukuma toroli ngapi. Chumba kile ni mita nne kwa tano. Nilishapiga hesabu, na nimeipiga tena mara nyingi tangu siku ile: kufikia kidirishani zinahitajika toroli mia nne, si chini.

“Tisini na sita,” Nélida akasema. “Nilidhani umekuwa ukija usiku kunisaidia.”